Kutafuta Hati Katika Nchi ya Chai

Bahasha ya kaki niliyoifunga kwa uzi siku nilipoondoka Muheza ilikuwa na hati saba: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti viwili vya elimu, hati ya tabia njema iliyotolewa na polisi, mkataba wa kazi uliopigwa muhuri na shule iliyoniita, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ikishuhudia kwamba mimi ni mkazi wa mtaa wake, ninajulikana, wala sina deni wala kesi. Hiyo ya mwisho hakuna aliyeniagiza kuichukua. Niliichukua kwa mazoea ya mtu aliyekulia Tanzania Bara zama ambazo hatukuwa na kitambulisho cha taifa, maana vitambulisho hivyo vilianza kutolewa mwaka wa 2013, na kabla ya hapo mtu alijulikana kwa balozi wake wa nyumba kumi, na alipotaka kusafiri au kufungua hesabu benki alibeba barua, na barua ikishasema kwamba huyu ni wetu, mjadala ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nakwenda Kenya, kaunti ya Bomet, kufundisha Kiswahili kwa miaka miwili katika shule ya binafsi iliyozungukwa na mashamba ya chai.

Nilivuka mpaka Horohoro. Upande wa pili, Lunga Lunga, afisa kijana aliifungua pasipoti, akauliza niendako, akaniandikia miezi sita na kunitakia safari njema, na yote hayo yalikwisha kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa. Wazee wetu waliokuwa wakienda na kurudi kwa majahazi na kwa miguu, toka Tanga hadi Vanga na Mombasa, wasingeona ajabu katika wepesi huo. Ajabu wangeiona katika mpaka wenyewe. Wepesi nilioupata mimi una tarehe yake, kwa kuwa Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa sahihi Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ikampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine, kutafuta kazi na kuhamia pamoja na aila yake. Rais Uhuru Kenyatta alipoapishwa kwa muhula wa pili, tarehe 28 Novemba 2017, alikwenda mbali zaidi, akatamka hadharani kwamba mtu wa Afrika Mashariki atakayefika Kenya atahitaji kitambulisho chake tu ili afanye kazi, afanye biashara, amiliki mali, aoe na akae. Maneno hayo niliyafurahia siku ile na ninayafurahia hata leo. Walakini baina ya tamko la rais na dirisha la karani pana masafa, na masafa hayo ndiyo niliyoyasafiri.

Toka Nairobi gari hushuka Bonde la Ufa, likapita Naivasha na Nakuru, kisha likaanza kupanda tena kuelekea Mau Summit, na hapo mtu wa Pwani huanza kutafuta sweta. Kericho ni mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Mimi si mgeni wa chai, kwa kuwa Wadachi waliijaribu huko kwetu Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini chai ya Usambara hukaa kwa adabu pembezoni mwa msitu, ilhali hii ya Kericho imeushika upeo wote wa macho, kilima baada ya kilima, vichaka vimekatwa sawasawa kufikia kiuno cha mtu, na juu yake pamelingana hata wenye kazi hiyo hupaita meza, na juu ya meza hiyo huonekana vichwa na mabega ya wachumaji wakienda safu kwa safu na vikapu mgongoni, mikono ikitangulia. Mikaratusi mirefu, ambayo ndiyo kuni za viwandani, husimama kandokando. Ikifika saa nane au saa tisa mawingu hujikusanya, mvua hunyesha, pengine ya mawe, na wachumaji hujifunika nailoni wakaendelea.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, nami nikajifunza siku hiyo hiyo kusema kongoi, yaani ahsante. Baada ya kunikaribisha alinitolea orodha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 yamtaka kila mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 ajiandikishe na kupewa cheti cha mgeni. Na itifaki ile ya Jumuiya, pamoja na ukarimu wake wote, haikuifuta idhini ya kazi, bali imemtaka mfanyakazi aiombe ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba kutiwa sahihi. Nilidhani kwamba kwa kuwa lugha ni moja, na dini, na vyakula, na hata majina, shughuli hii itakuwa ya juma moja.

Herufi moja ilinipeleka Kericho mara tatu na Kisumu mara mbili. Baba yangu, Mungu amrehemu, ameandikwa Saidi katika cheti changu cha kuzaliwa, kilichoandikwa kwa mkono na karani wa Muheza aliyelisikia jina hilo kama tunavyolitamka sote. Na katika pasipoti ameandikwa Said, bila ya irabu ya mwisho, kwa kuwa karani wa pili alilijua kwa Kiarabu chake. Kwangu mimi hao wawili ni mtu mmoja, na nimemshusha kaburini kwa mikono yangu; lakini kwa daftari la serikali mwana wa Saidi na mwana wa Said ni watu wawili, na hapana budi mmoja wao aape kwamba ndiye mwenzake. Niliapa mbele ya wakili mjini Kericho, katika chumba cha ghorofani kilichonuka makoti yaliyonyeshewa. Hati ya kiapo ikachukua nafasi ya nane katika bahasha.

Maombi yenyewe siku hizi hayapelekwi kwa mkono bali huandikwa katika mtandao wa serikali uitwao eCitizen, na kwa hiyo katika mji mdogo mlango wa kwanza wa dola si ofisi yenye bendera, bali ni saiba, kijumba cha kompyuta tatu na mashine ya kutoa nakala, baina ya kinyozi na duka la mbolea. Binti aliyeshika saiba niliyoizoea hakupata miaka 25. Nimekaa kwenye benchi lake saa nyingi nikimtazama. Mkulima huja na cheti cha kifo cha babaye ili namba ya shamba ihamishwe. Mama huja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyekaribia mtihani. Kijana huja na barua ya chifu iliyolowa. Binti huwauliza kwa Kipsigis, huandika kwa Kiingereza, kisha huwasomea kwa Kiswahili alichokiandika ili kila mmoja akiri kwamba ndiye. Hakika katika watumishi wote wa umma niliowaona katika safari hii, huyo ambaye serikali haimlipi hata senti ndiye niliyemwona akibeba mzigo mkubwa kuliko wote, na mara mbili nilimwona akimrudishia mzee fedha zake kwa kuwa ombi halikupita.

Kungoja ndiyo sehemu kubwa ya safari ya namna hii, na katika kungoja kwangu nilijifunza uzito wa neno kipande katika nchi hii. Kwetu Tanga, zama za mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ikitiwa alama siku moja moja hata ijae. Kenya kilikuwa kitu kingine. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, ikamlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake, pamoja na jina la tajiri aliyemwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachiliwa. Na karatasi hiyo ilikunjwa ndani ya kijaluba cha chuma kikaning'inizwa shingoni. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuwa na ruhusa ya kuondoka, na akiondoka alitafutwa kwa vidole vyake mwenyewe. Harry Thuku alipowaamsha watu wa Nairobi mwaka wa 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa madhila aliyoyapigia kelele. Kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1947, iliyowaandikisha watu wa rangi zote, na wanawake hawakuingizwa katika vitambulisho hadi mwaka wa 1978. Jambo lililonikaa moyoni ni kwamba karatasi ile ilimtaja mtu kwa ukamilifu wa kutisha, hadi mistari ya ncha za vidole, na baada ya kumtaja hivyo haikumpa pahali popote. Ilimjua ili kazi isimpoteze.

Yanigusa mambo haya kwa sababu ya nasaba. Babu yangu mzaa mama alitoka Urundi kuja kukata mkonge Tanga, akaitwa manamba kama wenzake wote, kwa ajili ya namba aliyopewa siku alipoandikwa kazi. Watoto wake walilijua jina alilopewa Muheza baada ya kusilimu. Jina alilopewa na mama yake halikupata kuandikwa na yeyote, wala mimi silijui. Namba yake, mama yangu aliijua kwa moyo hadi alipofariki.

Safari yangu ya tatu ya kwenda Kericho ilinikutanisha na bibi mmoja katika matatu tuliyoipanda pamoja Litein. Alikuwa na mjukuu wa kiume wa miaka kama 17, na karatasi zake alikuwa amezifunga katika leso, fundo juu ya fundo, akaipakata leso ile kama nilivyoipakata mimi bahasha. Kijana alinitambua. "Kogo, huyu ni mwalimu wa Kiswahili, Mtanzania," akamwambia.

"Chamgei, mwalimu," akanisalimu. Nikamwitikia kwa Kipsigis kidogo nilichokuwa nacho. Akaitazama bahasha. "Na wewe unatafuta karatasi?"

"Naam, mama. Ya kazi."

"Mimi natafuta yangu. Baba alikuwa na ya kazi."

Yeye alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa chai miaka kadhaa kabla ya Uhuru. Baba yake alikuja toka Rwanda akiwa kijana, baada ya njaa kubwa ya miaka ya 1928 na 1929 ambayo watu wa huko waliipa jina la Rwakayihura, na kama alivyosimulia mwenyewe, alifika Kericho akiandamana na wenzake wengi walioambiwa kwamba huku kuna kazi na chakula. Wakati huo ardhi ya Wakipsigis ilikuwa imekwisha kukatwa. Baada ya vita vya kwanza serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 hapa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaingia. Chai yataka mikono isiyohesabika, na Wakipsigis wengi, wenye ng'ombe wao, hawakuwa na hamu ya kuchuma majani katika ardhi iliyokuwa malisho yao. Basi mikono ikatafutwa Gusii, na kwa Wajaluo na Waluhya, na mingine ng'ambo ya Uganda, katika Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Mbelgiji.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Kenya aliyekuwa chini ya himaya ya Mwingereza, ikiwa mmoja wa wazazi wake naye amezaliwa Kenya. Bibi yule alizaliwa Kenya. Wazazi wake wote wawili walizaliwa katika milima ya Rwanda. Walioachwa nje kwa namna hiyo walipewa muda wa miaka miwili kuomba uandikishaji, lakini habari za namna hiyo hazikupita kambini, au zilipita kwa lugha ambayo hapakuwa na wa kuifasiri. Hivyo akawa si Mkenya kwa sheria, wala si Mnyarwanda kwa lolote, kwa kuwa Rwanda hakuiona abadan na Kinyarwanda chake kimebaki katika nyimbo za kubembeleza watoto. Baba alipozeeka, nyumba ya kambini ikawa ya mfanyakazi mwingine. Jirani wa Kipsigis akampa binti huyo pahali pa kujenga na kipande cha shamba, akapanda miche 300 ya chai. Lakini mkulima mdogo hupeleka majani yake kituoni kwa namba, na namba haitolewi bila kitambulisho. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 20 majani yake yalipimwa kwa namba ya jirani, na kila mwaka, bonasi ilipolipwa, jirani alikuja jioni, akaketi, akahesabu fedha zake na za mwenzake mbele ya taa. Laini ya simu hakuweza kuandikisha kwa jina lake, wala kutuma fedha, wala kufungua hesabu benki, wala kumpeleka mwanawe ofisini akasema huyu ni wangu na karani akaandika.

"Hakukosea hata mwaka mmoja?" nilimuuliza habari za jirani.

"Mwaka mmoja alizidisha," akasema. "Tulizaa mapacha."

Watu wa namna yake si wachache katika nchi hii. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wa wengi wao waliletwa toka Msumbiji kufanya kazi katika mkonge na miwa, walitembea kwa miguu Oktoba 2016 kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia, wakaupata. Wapemba wavuvi wa Kilifi na Kwale walitambuliwa mwaka wa 2023. Sheria ile ile ya 2011 iliyonitaka mimi nijiandikishe ndani ya siku 90 iliwafungulia mlango wale waliokuwako kabla ya tarehe 12 Desemba 1963 pamoja na vizazi vyao, wakapewa miaka mitano, kisha mitatu zaidi, hadi Agosti 2019; na tarehe 12 Desemba 2020, katika sikukuu ya Jamhuri, ikatangazwa kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda watapewa uraia. Cheti cha uraia bibi yule alikipata mwaka uliofuata. Kitambulisho alichelewa kukifuatia kwa maradhi ya miguu.

Tena si wageni peke yao walioondolewa mahali kwa karatasi katika vilima hivi. Ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini na wa vita wa Wakipsigis, uliondolewa Kericho kwa sheria maalumu ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika joto na mbung'o na malaria, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka wa 1962. Mgeni aliletwa kwa hati na mwenyeji akaondolewa kwa hati, katika miaka ile ile na katika ardhi ile ile. Nilipoyafahamu hayo niliacha kulalamika juu ya herufi yangu moja.

Katika ofisi ya usajili nilimsaidia bibi kupanda ngazi, nikabaki mlangoni. Karani alikuwa kijana mstahifu; alimwita Kogo, akamwekea kiti, akafungua karatasi moja moja zilizotoka katika leso. Mlikuwamo cheti cha uraia, barua ya chifu, picha, na chini kabisa karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Karani aliisoma kwa sauti: jirani alikuwa akishuhudia kwamba anamjua mama huyu tangu wote wawili walipokuwa watoto, na kwamba ni mtu wa hapa. Karatasi ile haikuwa katika orodha ya zilizotakiwa. Karani aliinyoosha kwa kiganja, akaiweka pamoja na nyingine, nami mlangoni nikaikumbuka barua yangu ya serikali ya mtaa, ambayo mpaka siku hiyo hapakuwa na dirisha lililoitaka.

Kisha karani akaushika mkono wa kulia wa bibi ili achukue alama. Vidole vya mchuma majani huwa vyeusi kabla ya wino kufika. Utomvu wa chai huingia katika kila mpasuko wa ngozi na kukaa, na sabuni haiuwezi. Karani alivifuta kwa kitambaa chenye spiriti, kimoja kimoja, akapaka wino, akakiviringisha kidole gumba karatasini. Kilichobaki ni doa jeusi lililojaa, bila mstari hata mmoja. Akajaribu cha pili, na cha tatu. Kazi ya kuvunja majani mawili na chipukizi huangukia gumba na shahada, mara elfu kwa elfu kwa siku moja, na kwa miaka 50 ngozi ya hapo ilikuwa imelainika kama ukingo wa kikombe cha zamani.

"Kogo, vidole vyako vimekwisha," akasema karani kwa upole.

"Vimekwishia hapa hapa," akajibu.

Karani alinyamaza. Akafuta tena, akapunguza wino, akabonyeza polepole, na mara hii hakukiviringisha kidole bali alikiacha kipumzike. Mkono wa kushoto ulikuwa na nafuu kidogo. Kilipofika kidole cha pete, mistari ilitokea, ya duara, miembamba, imebanana upande mmoja. Akaigeuza karatasi ili aione. Bibi aliinama akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha yake ya ujana.

Alipewa karatasi ndogo ya kungojea. Nje, chini ya paa la bati, mvua ikianza, aliifungua tena leso, akatoa kitu ambacho sikutarajia kukiona nje ya jumba la makumbusho: kijaluba bapa cha chuma, kimeshika kutu pembeni, chenye tundu mbili za kupitishia kamba. Kilikuwa cha baba yake. Karatasi ya ndani ililiwa na wadudu zamani, na yeye tangu hapo alikifanya cha kuwekea ugoro. Aliumimina ugoro katika pembe ya leso, akapiga fundo, akapuliza ndani, akaikunja karatasi ya kungojea mara tatu, akaitia. Kifuniko kiligoma, mjukuu akakibana kwa meno.

Idhini yangu ya kazi ilitoka baadaye, na cheti cha mgeni kikafuata. Nilikwenda kumwonyesha bibi, kwa kuwa alikuwa ameniambia stendi, "Ukipata chako uje nikione." Nyumba yake iko kwenye mteremko juu ya Litein, bati jekundu, na chai inaanzia hatua tano toka mlangoni. Kitambulisho chake kilikuwa kimefika, akanionyesha kwanza cha kwake, amekifunga katika kitambaa cheupe. Tukanywa chai ya maziwa. Kisha akampa mjukuu hati yangu ya idhini aisome yote.

Kijana alisoma jina langu na la baba yangu, safari hii bila irabu ya mwisho. Akasoma taifa langu, kazi yangu, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

"Na hili jina jingine?" akauliza bibi, ambaye kwa kusikiliza alikuwa amehesabu.

"Ni la shule, Kogo. Ndiyo iliyomwajiri."

"Akiondoka shuleni?"

Kijana akanitazama. Nikamjibu mwenyewe kwamba nikiondoka shuleni hati hii haina kazi tena, na itanipasa kuomba nyingine.

Bibi akaichukua toka mkononi mwa mjukuu, akapitisha kidole juu ya jina la shule ambalo hawezi kulisoma. "Cha baba pia kilikuwa na jina hapa," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili.

Lori la majani lilipiga honi kwenye kona ya chini. Kijana aliinuka, akabeba gunia begani, akaanza kukimbia kuelekea kituoni, na bibi akasimama mlangoni akamwita kwa nguvu, akamkumbusha namba ya kumtajia karani wa mizani, tarakimu moja moja, akarudia tena toka mwanzo mpaka kijana alipoinua mkono kwamba amesikia.